Mkate wa Mzee: Ni Sadaka au ni Haki?



Liko swali ambalo husikiwa mara kwa mara baada ya ibada, wazee wa kanisa waketipo kuhesabu sadaka. Mmoja husema: "Kumtunza mjane na mzee asiye na nguvu ni kazi ya watoto wake, na kama hana watoto, ni kazi ya kanisa. Kwa nini serikali itwae kodi ya watu wote na kuwagawia wengine? Je, si kuua upendo huko?" Mwingine hujibu: "Sanduku letu la maskini halitoshi hata kwa chumvi. Tukiwaachia wazee wetu sanduku hili peke yake, tumewaachia njaa." Wote wawili ni Wakristo wema, na kila mmoja ana neno la kusikilizwa. Lakini ndani ya swali lao limo swali lingine lililo kubwa zaidi: mkate anaoula mzee asiyeweza kulima tena, je, ni sadaka apewayo kwa huruma yetu, au ni haki yake? Nataka tulifikiri jambo hili pamoja, tukitazama Maandiko kwanza, kisha mambo yaliyotokea katika dunia.

Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mwenye shamba alikatazwa kuvuna hata pembe za shamba lake, wala asirudi kuokota masazo. Yalikuwa ya mgeni, na yatima, na mjane. Tena katika sura ya 14 ya Kumbukumbu la Torati, zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa mjini kwa ajili ya watu hao. Angalieni vema: haikuandikwa ya kwamba mwenye shamba akipenda na atoe, asipopenda na anyime. Iliandikwa kuwa amri. Basi Ruthu Mmoabi alipokwenda kuokota masuke, sheria ilikuwa imekwisha kumfungulia shamba kabla hajakutana na Boazi. Boazi alikuwa mtu mwema, akaongeza juu ya sheria: akamkaribisha chakula, akawaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi. Hapa twaona jambo la kwanza. Sheria na upendo hawagombani. Sheria huweka sakafu ili mtu asianguke shimoni. Upendo hujenga nyumba juu ya sakafu hiyo. Anayesema ya kwamba sheria ya kuwasaidia maskini huua upendo, na atuonyeshe kama sheria ya masazo iliuua upendo wa Boazi.

Baba zetu wa Matengenezo walijua neno hili. Mwaka 1523, katika mji mdogo wa Leisnig katika nchi ya Saksonia, washarika walikata shauri la kuweka sanduku moja la watu wote. Martin Luther mwenyewe aliwashauri, akaiandikia taratibu yao dibaji. Sanduku hilo liliagizwa kuwa na kufuli nne, na funguo zake zikae kwa watu mbalimbali: mmoja kwa wenye daraja la juu, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa wenyeji wa mji, na mmoja kwa wakulima wa vijijini. Hapana mtu aliyeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa 10, nao walipaswa kukutana kila Jumapili. Na mara tatu kwa mwaka watu wote waitwe kusikiliza hesabu. Katika sanduku hilo alipwe mchungaji na mwalimu wa shule, wasaidiwe yatima na wagonjwa na wazee, na nafaka ya akiba inunuliwe kwa siku za njaa. Tena waliandika ya kwamba mapato yakipungua, kila mtu atatoa fungu lake la mwaka kwa kadiri ya uwezo wake. Fungu hilo ni nini, ila kodi? Wala hawakuona haya kuliandika.

Walakini taratibu hiyo haikupita kwa urahisi. Baraza la mji lilikataa kuziachilia mali zilizopaswa kuingia sandukuni, hata Luther akamwandikia mtawala wa Saksonia kumwomba aingilie kati. Basi tangu siku ya kwanza mambo mawili yalikwenda pamoja: shauri jema la kuwatunza maskini, na mashindano na wale wasiotaka kutoa.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni ya kale. Tangu hapo kanisa limejenga hospitali na nyumba za yatima bila kuingoja serikali." Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Lakini na tumwulize mtu ambaye katika kazi hiyo hakuna aliyemzidi. Wengi wenu mmesikia jina la Bethel, karibu na mji wa Bielefeld huko Ujerumani, maana ndiko walikotoka wamisionari waliohubiri Usambara, Rwanda na Bukoba. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alianza kazi huko mwaka 1872, akiwatunza wagonjwa wa kifafa. Baadaye aliwaona watu wengi wakitembea barabarani bila kazi wala malazi, wakiomba mlango kwa mlango. Mwaka 1882 akawafungulia Wilhelmsdorf, mahali pa kulima na kulala, kwa maana aliamini ya kuwa mtu mwenye nguvu apewe kazi kuliko kupewa sadaka. Alikusanya fedha za wapendao, alikusanya hata nguo kuukuu, naye alijua kuomba kwa ajili ya maskini kuliko watu wote wa wakati wake.

Je, mtu huyo alisema ya kwamba sadaka inatosha? La. Mwaka 1903, naye amekwisha kupita miaka 70, aliingia katika Bunge la Prussia kudai sheria kwa ajili ya wale watembeao wakitafuta kazi, ili vituo vyao visitegemee moyo wa mtoaji peke yake. Mwaka 1907 sheria hiyo ikapitishwa; naye akafa mwaka 1910. Hakuacha kuomba sadaka, wala hakuacha kuhubiri upendo. Ila aliona kwa macho yake ya kwamba palipo na mtoaji mwema maskini hula, na pasipo mtoaji mwema maskini hulala na njaa. Na njaa ya mtu haifai kutegemea bahati ya mahali alipozaliwa. Mtu aliyeijua sadaka kuliko sisi sote ndiye aliyekwenda kuitafuta sheria.

Sasa tutazame jambo la pili, yaani namna sheria hizo zilivyopatikana. Wako watu wasemao ya kwamba zilikuwa zawadi ya wakubwa, na ya kwamba Mkristo hukaa kimya mpaka apewe. Ni kweli kwamba Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, ndiye aliyeleta bima ya ugonjwa mwaka 1883, na ya ajali za kazini mwaka 1884, na malipo ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Lakini mtu yule yule alikuwa amekwisha kuvipiga marufuku vyama vya wafanyakazi wajamaa kwa sheria ya mwaka 1878, nayo ilidumu hata mwaka 1890. Kwa mkono mmoja alifunga, kwa mkono wa pili alitoa. Wala hakuficha sababu: mwaka 1884 alikiri mbele ya Bunge ya kwamba kama wajamaa wasingekuwako, na kama watu wengi wasingewaogopa, hata hayo machache yaliyokwisha kupatikana kwa ajili ya wafanyakazi yasingalipatikana. Mei 1889, mwezi ule ule Bunge lilipokuwa likimaliza shauri la malipo ya uzee, wachimba makaa wapata 90,000 wa Ruhr waliacha kazi wakidai saa zao zipunguzwe. Sisemi ya kwamba mgomo ule ndio ulioleta sheria ile. Nasema ya kwamba mtu asiseme watu walikuwa wamelala, na wakubwa wakawaletea mkate kitandani.

Tena zawadi yenyewe ilikuwa na kipimo kidogo. Malipo ya uzee yaliwekwa kwa aliyetimiza miaka 70, na wafanyakazi wengi walikufa kabla ya kufika hapo. Umri huo haukushushwa hadi 65 ila mwaka 1916. Nusu ya bima hiyo aliilipa mfanyakazi mwenyewe kutoka katika ujira wake, na nusu mwajiri wake, na serikali ikaongeza fungu juu ya kila malipo. Basi aliyepokea alikuwa akipokea jasho lake mwenyewe lililowekwa akiba.

Huko Uingereza habari ilikuwa nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1834, mzee asiye na kitu alitazamiwa kuingia katika nyumba ya maskini, na nyumba hizo ziliwekwa kuwa chungu kwa makusudi, ili watu waziogope. Mara nyingi mume na mke waliozeeka pamoja walitengwa humo, huyu upande huu na huyu upande ule. Watu waliofanya kazi tangu utoto wao walimaliza siku zao kwa aibu, kana kwamba uzee ni kosa. Ndipo mwaka 1898 nchi ya New Zealand ilipopitisha sheria ya kuwalipa wazee kutoka katika fedha za serikali. Habari zilipofika London, mchungaji mmoja jina lake Francis Herbert Stead, aliyehudumu kati ya maskini wa mtaa wa Walworth, alikusanya watu wazisikie. Akamwalika Charles Booth, tajiri wa meli aliyekuwa amechunguza umaskini wa London nyumba kwa nyumba. Akaungana na vyama vya wafanyakazi, na Frederick Rogers, mjalidi wa vitabu, akawa katibu wao. Wakaenda mji kwa mji wakinena na watu.

Waliambiwa nini? Waliambiwa ya kwamba fedha hakuna. Kisha mwaka 1899 vita vya Afrika Kusini vikaanza, na fedha za vita zikapatikana hata vilipokwisha mwaka 1902. Hawakukata tamaa. Miaka kumi ilipita tangu mkutano wa kwanza hata sheria ilipotolewa mwaka 1908. Na tarehe 1 Januari 1909 wazee wenye miaka 70 walikwenda posta kupokea malipo yao ya kwanza, hadi shilingi 5 kwa juma. Hawakwenda mlangoni pa nyumba ya maskini. Walikwenda posta, mahali pale pale aendapo kila mtu kutuma barua yake. Mwaka huo huo ikapasa kutafuta fedha, na serikali ikataka matajiri na wenye ardhi watoe zaidi. Baraza la Malodi likaikataa bajeti hiyo Novemba 1909, na watu wakapiga kura upya kabla haijapita mwaka 1910. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: mchungaji, tajiri, mjalidi na wafanyakazi, kila mmoja alileta kinga chake.

Je, ilimfaa Mkristo kudai hivyo? Wako waonao kila lalamiko kuwa dhambi. Nao na wasome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwakemea wale walionung'unika. Waliitengeneza huduma, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema waisimamie. Tena katika Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mbele ya mkutano wote kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema ya kwamba wamenena haki, na neno lao likawa sheria kwa vizazi vilivyofuata. Na Bwana wetu, alipotaka kutufundisha kuomba bila kukata tamaa, alituonyesha mjane aliyemsumbua kadhi dhalimu hata akampa haki yake. Kadhi yule hakumpa kwa wema, na haki ile ilikuwa haki vilevile. Kwa hiyo nia mbaya ya atoaye haiondoi uhalali wa kitu kilichostahili kutolewa. Tukijua hayo hatutamsifu Bismarck kupita kiasi, wala hatutaidharau bima kwa sababu ya Bismarck.

Mwingine atasema: "Paulo aliwaandikia Wathesalonike ya kwamba asiyetaka kazi asipewe chakula. Kumlisha mtu kwa kodi ni kulea uvivu." Neno la Paulo ni kweli, lakini soma alivyolisema: alinena habari za asiyetaka, hakunena habari za asiyeweza. Mjane mwenye miaka 75, mtoto aliyefiwa na wazazi, mtu aliyekatwa mkono na mashine: hao hawakukataa kazi, bali kazi imewakataa. Mvivu yuko, nasi tumwonye. Lakini kumnyima mzee mmoja kwa kumwogopa mvivu mmoja ni kumwadhibu asiyekosa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo maana hupenda sana kuhubiri habari za uvivu.

Liko neno moja zaidi nisiloweza kulipita, ingawa ni chungu. Serikali itoayo mkate yaweza pia kuuondoa, na zaidi ya mkate. Katika nchi ile ile iliyotangulia kuweka bima, walisimama watawala waliopima watu kwa faida yao. Wagonjwa wa akili na vilema walihesabiwa kuwa mzigo, na tangu mwaka 1940 hata Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walitolewa katika hospitali na nyumba za kulelewa, wakauawa kwa siri kwa hewa ya sumu. Na hata baada ya hapo mauaji hayakukoma. Askofu Theophil Wurm wa Kanisa la Kilutheri la Württemberg aliwaandikia wakuu kupinga. Mchungaji Paul Braune wa Lobetal, mahali palipoanzishwa na Bodelschwingh yule wa kwanza, aliandika ushuhuda wa mambo hayo Julai 1940. Mwezi uliofuata akatiwa gerezani. Hapo twajifunza kwa nini hatuwezi kusema ya kwamba mzee ana haki kwa sababu aliwahi kuwa na faida. Akitunzwa kwa ajili ya faida yake tu, siku faida ikiisha atatupwa. Haki yake imesimama juu ya kitu kisichozeeka: ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Na kanisa halimwachii serikali mzee wake na kwenda zake. Husimama karibu, likitazama na kunena.

Basi tujibu swali letu. Mkate wa mzee ni haki yake, na ni upendo wetu, vyote viwili pamoja. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoyafafanua maombi ya mkate wa kila siku, anaihesabu serikali njema kuwa sehemu ya mkate huo. Akifafanua amri ya tano anatufundisha ya kwamba imetupasa kumsaidia jirani katika shida zote za mwili wake, si kujizuia kumpiga tu. Kama ni hivyo, sheria ifanyayo watu wote wamsaidie jirani wasiyemwona si kitu kigeni kwa imani yetu. Na amri ya nne haijafutwa. Mtoto asiseme, "Mama hupewa na serikali, mimi sina deni." Huko ni kurudia kosa la wale waliosema Korbani, ambao Bwana aliwakemea katika Marko, sura ya 7. Fedha haiwezi kumtekea mama maji, wala kumsomea Zaburi jioni.

Mambo haya hayako mbali nasi. Huko Unguja na Pemba, tangu Aprili 2016, kila mkazi mwenye miaka 70 au zaidi aliwekewa malipo ya shilingi 20,000 kila mwezi kutoka katika fedha za serikali, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa au kama ni maskini. Fedha hiyo ilikuwa ndogo. Lakini mama aliyelima na kuvua pweza maisha yake yote, asiyepata kutia saini daftari la mshahara hata siku moja, alihesabiwa kuwa mfanyakazi aliyestahili kupumzika.

Kwa hiyo, ndugu makatekista, nawaachia mambo matatu. Kwanza, wajueni wazee na wajane wa mitaa yenu kwa majina, na wale wasio na karatasi ya kuonyesha umri wao wasaidieni kuipata. Maana wengi hukosa haki yao kwa kukosa karatasi. Pili, panapogawiwa fedha ya watu wote, ya serikali au ya kanisa, takeni hesabu isomwe mbele ya watu, kama walivyoagizana wale wa Leisnig; maana mali bila daftari huisha bila habari, na wizi wa fedha ya maskini ndio unaowapa nguvu wale wasemao msaada hauna maana. Tatu, msisikie haya kunena kwa ajili yao mbele ya wakubwa, kwa heshima na kwa kweli, wala msichoke upesi. Tunayoyaona leo kuwa mambo ya kawaida yalidaiwa na watu waliochekwa. Na yanayodaiwa leo, watoto wetu watayaona kuwa ya kawaida, tukiwa waaminifu.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi.